Propela ya Asali

Jamaa huyo walimwita Asali kwa ajili ya ulimi wake. Siku moja anapita pale boti zinapopandishwa nchi kavu kutengenezwa, akamsikia tajiri mmoja, mkono wa birika hasa, analalamika kwamba boti yake ya mizigo inakunywa dizeli kama imetoka jangwani. Asali akanusa hela.

Akainama nyuma ya boti, akaitazama propela. Mapanga matatu, yote yameota magamba ya baharini, moja limepinda ncha. Akatikisa kichwa kama daktari.

"Kaka, mapanga haya yanachafua maji tu, hayasukumi. Mimi ninayo ya kisasa. Laini, yamepindwa kitaalamu, yanachota maji kama kijiko kinavyochota uji."

Tajiri akauliza bei, akakohoa, akaomba punguzo, akakohoa tena. Mwisho akatoa nusu; nusu nyingine baada ya majaribio. Ile ya zamani Asali akaitupe.

Akaitupe wapi? Aliipeleka kwenye banda la kukodi, akaikwangua magamba, akainyoosha ile ncha kwa nyundo, akaisugua kwa msasa mpaka ikawaka. Kwa watu wa kazi yake kutoka jasho ni aibu, lakini alivumilia. Akamrudishia mwenyewe mali yake. Tajiri akaipapasa kama mtoto mchanga. Si unajua, propela inakaa chini ya maji, nani anaikumbuka sura?

Angekimbia na nusu ile ningemwita mjanja. Lakini hela hiyo alishanunulia suti nyeupe, na sasa anaitaka nusu ya pili. Akapanda boti siku ya majaribio, visingizio vimejaa mfukoni.

Boti ikaruka. Wakaenda, wakarudi, tangi bado limeshiba. Asali akabaki mdomo wazi. Kumbe panga likiwa safi na limenyooka linayasukuma maji, halipigani nayo. Uongo wake wote ulikuwa kweli!

Akanyoosha mkono apewe chake. Mke wa tajiri, aliyekuwa nao botini, akamvuta pembeni.

"Shemeji, lile kovu la kulehemu pale katikati ya propela ni la zamani, mimi ndiye niliyemshikia fundi taa."

Asali akaurudisha mkono mfukoni.

"Ulichokula umekula," mama akaendelea. "Tuna boti nyingine nne, propela zote na magamba yake. Utazikwangua kwa hela hiyo hiyo, au twende kituoni ukamweleze askari habari za kijiko na uji."

"Na kaka ataambiwa nini?"

"Kaka yako ana furaha. Mwache hivyo hivyo."

Basi mumewe akaambiwa mtaalamu anawaongezea propela nne za bure. Kesho yake tajiri akamkuta Asali chali chini ya boti, msasa mkononi, suti haijulikani tena rangi.

"Mtaalamu, na hii nayo mpya?"

"Mpya kabisa, kaka," Asali akajibu, akatema gamba.