Bahari Yaletwa Lusu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Kunipokea, Makamu wako, Msaidizi wa Makamu, waheshimiwa wachungaji na mapadri, Bwana Arif uliyetuletea tenti kutoka Tabora mjini, nanyi wananchi mliobaki juani: shikamooni wazee! (Wanne wanaitika marahaba.)

Leo, hapa Lusu, nina heshima ya kujipongeza kwa kuzindua Mradi Shirikishi wa Uhifadhi wa Samaki-Mrija, yule samaki mdogo wa pwani, mwembamba kama njiti ya ufagio, ambaye sisi wataalamu, kwa maana ya mimi niliyehudhuria semina siku tatu, tumebaini kwamba hana tumbo la kutunzia chakula, hivyo hula mchana kutwa bila kushiba, na akiona hatari husimama wima kwenye majani ya bahari akijifanya jani, sifa ambazo ofisi yangu inazienzi. (Makofi ya meza kuu.) Aidha, takwimu zinaonyesha kwamba asilimia mia moja ya mimba hubebwa na dume! (Vigelegele. Sauti ya mama: "Huyo aje hata kesho!")

Wapo wanaobeza, eti bahari iko mbali. Babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka huku hadi pwani. Sisi wenye malori tushindwe kuileta pwani huku? Ndiyo maana, katika Awamu ya Kwanza, tulimwaga magunia mia mbili arobaini ya chumvi ya Uvinza kwenye lambo lenu, na sasa ubahari wake umefikia asilimia themanini na saba nukta tatu. (Makofi ya meza kuu, tena.)

(Mama Agnetha, mfugaji, anasimama: "Mheshimiwa, lambo letu ni hilo hilo moja. Ng'ombe wangu sita wamekufa. Sisi tunywe nini?")

Swali zuri sana, mama. Limepokelewa kama maoni ya mdau na litaundiwa kamati ndogo, kwani kiu ni changamoto mtambuka.

Samaki-Mrija oyee! (Oyee, ya dereva wangu.) Chumvi kwa maendeleo!

Nawashukuru kwa uvumilivu. Katibu ananinong'oneza hapa kwamba samaki hawakuwahi kuagizwa, na mradi wenyewe haukupitishwa popote. Kilichopitishwa ni sherehe ya uzinduzi. Msivunjike moyo, ndugu zangu. Chumvi ni ya kweli.