Sumaku Iliyoelea Mbele ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
"Sumaku haiwezi kuelea hewani kwa nguvu ya nyingine bila kushikwa. Anayebisha arudi shule." Maneno ya shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa fizikia, mbele ya kikundi chetu cha wasomaji pale maktaba. Nusu ukweli! Kanuni yake inahusu sumaku zilizotulia. Zungusha moja kwa kasi kubwa, ya pili itayumba sawia nayo, na kuyumba huko ndiko kutakakoishikilia hewani. Mimi nimesoma, yeye amekariri. Nimeahidi kumwonyesha Jumamosi. Nikishindwa, nitaomba radhi nimesimama na uenyekiti wa kikundi auchukue yeye. Miaka kumi na mmoja nimekikalia kiti kile. Sina wasiwasi.

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu ni fundi wa meno bandia. Kimashine chake cha kung'arishia meno huzunguka kwa kasi kuliko feni yoyote. Nimekiazima bila kumsumbua kwa kumwuliza. Nikabandika sumaku kwenye ncha kwa gundi ya karatasi. Ikachomoka, ikang'oa jino la mbele kwenye meno bandia ya mteja wake, nashukuru mteja mwenyewe hakuwemo. Nikamweleza mke kwamba sayansi ina gharama. Akaniuliza kama sayansi itamtafunia mteja nyama.

Alhamisi, 7 Machi
Mke ameona bora anisaidie kuliko kupoteza meno mengine. Ameigandisha sumaku kwenye kimashine kwa plastiki ya fizi bandia, akailaza ubavu, ncha zake zitazame pembeni. Nikawasha. Nikasogeza sumaku ndogo chini yake, nikaiachia.
Ikabaki hewani. Chini kwa upana wa kidole, ikitetemeka kidogo, haianguki. Nilipitisha karatasi katikati. Nimeandika hotuba ya kurasa tisa.

Jumamosi, 9 Machi
Maktaba ilijaa. Sumaku ikaelea. Shemeji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akainama kuchungulia chini ya mashine. Nikaanza hotuba. Lakini mashine ilivuma kama nyigu kwenye kopo, na mkutubi akasema haambulii neno. Hotuba ile sikuiandika ili isisikike. Nikazima mashine.
Sumaku ikadondoka mezani.
Shemeji akauliza taratibu kama kuna mwingine anayebisha. Wakacheka, hata mkutubi. Nimeomba radhi nimesimama. Kiti changu amekikalia na kikombe cha chai, akamwaga nusu.

Jumapili, 10 Machi
Kosa lilikuwa sauti, basi. Nimeazima spika kubwa. Nitaiweka meza moja na mashine, ubavuni kabisa. Mke amenionya kwamba ndani ya spika mna sumaku pana kama sahani. Nimemjibu: vizuri sana, hiyo itakuwa ya akiba. Hotuba imefika kurasa kumi na nne. Tangazo la ubao wa maktaba liko tayari:
Shemeji, nanyi nyote mliocheka: njooni Jumamosi, kaeni mstari wa mbele, mfunge midomo. Na kiti changu kifutwe chai kabla sijafika.