Nusu Kidonge kwa Mjomba Mzima

Letlhogonolo Ditsele,
Ua wa Ditsele, nyuma ya kisima,
Kijiji cha Mmaphiri.

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya.

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

YAH: KUDHALILISHWA KWA MJOMBA NA MUUGUZI WA ZAHANATI

Mvua huku bado, ila sisi tunapumua, na nikisema tunapumua nina maana yangu. Tafadhali kaa vizuri kitini kabla ya kuendelea kusoma.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja. Tangu kaka yangu azikwe majira ya baridi, mimi ndiye mjomba mkubwa wa ukoo. Posa ikija, mimi ndiye ninayejibu. Ng'ombe akichinjwa, kichwa ni changu. Uzito huo ulinishukia ghafla. Mikono ikaanza kutetemeka, usingizi ukanikimbia, na moyo ukawa unapiga mbio hata nikiwa nimekaa tu najikuna mgongo. Daktari anayekuja na gari mara moja kwa mwezi akaniandikia vidonge vya kutuliza wasiwasi. Daktari simlaumu. Ninayemlalamikia ni muuguzi wetu, mama mmoja aitwaye Mma Boikanyo, na sababu zangu ni hizi.

1. Nusu. Muuguzi alichukua kidonge cha kwanza, akakikata katikati mbele ya macho yangu, akaandika kwenye bahasha: nusu, jioni, wiki mbili, kisha urudi. Nikadhani anatania. Mheshimiwa, mpwa wangu Thuso, fundi wa kuchomelea, kijana wa miaka thelathini ambaye hadi leo anaazima koti la kwendea kanisani, alipoumia mgodini alipewa kidonge kizima, cha rangi ileile, katika zahanati hiyohiyo. Nilipomkumbusha muuguzi jambo hilo, alinijibu watu wote wa kwenye benchi wakisikia: “Mjomba, hii si nyama. Mwili wa mzee hautoi dawa upesi kama wa kijana. Ya jana haijatoka, ya leo hiyo imeingia. Ndiyo maana mzee anapewa kidogo.”

Mzee anapewa kidogo! Katika maisha yangu yote sijawahi kusikia maneno hayo katika nchi hii. Tangu lini mkubwa akapewa kidogo? Hata kuku akichinjwa tunajua nani anakula nini. Nilivumilia tusi hilo wiki tatu nzima, maana niliporudi aliniongezea nusu zilezile, nameza nusu yangu kila jioni nimegeukia ukutani ili wajukuu wasione.

2. Pombe. Muuguzi alisema nisiguse pombe kabisa nikiwa natumia dawa hiyo. Sasa siku ya posa ya mpwa wangu Gofaone, nani angeonja pombe ya mtama kabla ya wageni? Mbuzi? Dada yangu Seipone, mama yake Gofaone, alikuwa ameipika siku nne, na kibuyu cha kwanza ni cha mjomba. Washenga hufika kabla jua halijachomoza, kwa hiyo mimi niliamka mapema zaidi, nikajipa dozi ya heshima, yaani vidonge viwili vizima, nikaviteremsha kwa kibuyu. Kibuyu cha pili kilikuwa cha kuhakikisha kile cha kwanza.

Matokeo yalikuwa mazuri. Wasiwasi uliisha wote. Washenga waliponiuliza kama ua wetu una binti, nilikaa kimya kwenye kiti cha marehemu kaka yangu, nimefumba macho. Wakauliza tena. Mara ya tatu kiongozi wao, mzee Phuthego, aliwanong'oneza wenzake: “Huyu bwana ni mgumu, jamani. Hata kope haichezi!” Wakaondoka wamenyong'onyea, wakiahidi kurudi wakiwa wamejipanga. Nimeambiwa haya baadaye, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwepo, ingawa nilikuwepo.

3. Kugawana. Kwenye bahasha ameandika pia: usimpe mtu mwingine. Mheshimiwa, haya ni mafunzo ya wapi? Mimi nimelelewa kwamba huwezi kutafuna mwenzako anakutazama. Asubuhi ile Seipone alikuwa na wasiwasi kunizidi, anakunja kanga na kuikunjua, analia, anacheka. Nikampa kimoja kizima, kwa kuwa ni dada yangu wa mwisho aliyebaki. Yeye naye alikuwa ameonja pombe tangu alfajiri, kama mpishi yeyote anavyopaswa. Wageni walipoondoka alijilaza penye jiko la nje, na tukimwita haitiki.

4. Punda. Muuguzi alinikataza kuendesha chombo chochote. Mkokoteni wa punda si chombo, ni punda! Kelele ziliponizindua kitini nikaona Seipone haamki, nilirukia mkokoteni niende zahanati. Punda wangu wana akili kuliko baadhi ya wajumbe wa kamati ya kijiji. Lakini mimi nikasinzia, na wao wakaenda wanakotaka, yaani kisimani. Wachunga ng'ombe walinirudisha nimelazwa juu ya mkokoteni kama gunia la mahindi. Bahati nzuri Gofaone alikuwa amekimbia kwa miguu, siku ya posa yake, bila viatu, akamleta muuguzi.

5. Kuhesabu. Hapa ndipo heshima yangu ilipoisha. Muuguzi aliniuliza mara moja tu: “Umempa ngapi, na saa ngapi? Niambie kweli, mjomba.” Nikasema. Akamlaza Seipone kwa ubavu. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha maji ya baridi nimmiminie mdomoni, akanifokea kwenye ua wangu mwenyewe: “Weka chini hicho! Unataka kumpalia?” Akapiga simu gari la wagonjwa, likawa mbali. Akakaa pale mkekani tangu kabla ya adhuhuri hadi gari lilipofika jua likizama, macho kwenye saa na mkono kwenye mbavu za dada yangu, anahesabu. Hakula. Hakunywa hata chai tuliyomletea, na kukataa chai ya watu ni dharau ya namna yake.

6. Kuacha. Baada ya hapo nikasema basi, sitaki tena, vyote vilivyobaki nitavitupa chooni. Mheshimiwa, akakasirika tena! Kumbe nisiache kwa mkupuo bali nipunguze pole pole, kama yeye na daktari watakavyonipangia. Nikizidisha, kosa. Nikiacha, kosa. Sasa bahasha yangu anaiweka yeye kwenye kabati lenye kufuli, na mimi, mjomba, nakwenda kila siku kupokea changu kiganjani kama mtoto wa chekechea.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, dozi zipangwe kwa cheo kama nyama: wakwe wapate punje, mashangazi kimoja, wajomba viwili, chifu vinne, nawe Mganga Mkuu, kwa mpango huu, ungehitaji gunia. Pili, Mma Boikanyo ahamishiwe kijiji kisicho na wajomba.

Nisalimie wote hapo ofisini, akiwemo yule karani aliyewahi kunirudishia fomu kwa sababu ya doa la mafuta. Doa lilikuwa la kichwa cha ng'ombe.

Wako katika fedheha,
L. Ditsele, Mjomba

Nyongeza: Hapo juu nimeandika kama mjomba. Sasa naandika kama kaka yake Seipone. Siku ile nilipopata akili kidogo nilikaa upande wa pili wa mkeka, nikahesabu pamoja na muuguzi. Kuna mahali nilifika kumi na moja kabla dada yangu hajavuta pumzi nyingine. Niliogopa, Mheshimiwa. Sijawahi kuogopa hivyo, na ni mimi niliyempa kile kidonge. Seipone amepona, yuko hapa anasoma begani kwangu na kusema mwandiko wangu umechakaa. Mimi nimefika kwenye robo, na robo inanitosha. Washenga wamerudi, safari hii nikawajibu nikiwa macho makavu, mikono ikitetemeka, na hakuna aliyecheka.

Muuguzi msimhamishe, tafadhali sana. Harusi ni mwezi ujao, na kichwa cha ng'ombe kitaletwa mbele yangu. Katika ua wetu mwanamke hajawahi kukila. Nimeshamwambia Thuso akipasue katikati, na nusu ampelekee Mma Boikanyo.