Mashimba wa Somanda na Mstari Mmoja Uliomrudisha Matone

Sogeeni, enyi watu wa Simiyu, mnaopalilia pamba nanyi mnaokwepa kuipalilia! Zimeni redio. Wewe uliyekaa nyuma na muwa mdomoni, tafuna polepole, maana nasimulia tendo ambalo ngoma za babu zetu hazikulijua: jinsi Mashimba mwana wa Ndaki, simba wa kibodi, mkata picha vipande, alivyoandika mstari mmoja.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, Somanda, mjini Bariadi. Ndipo Milembe wa Zagayu, mama mkwe wake, alipoingia sebuleni peke yake kama jeshi zima, akaketi, akaipa kisogo kompyuta na mwenye kompyuta. Kwani mama mkwe mwenye heshima zake hamtazami mkwe usoni wala hasemi naye. Husema na binti yake, hata kama wote watatu wanagusana magoti.

"Mwangaluka, mayu," binti, Goodness, akamwamkia mama yake.

"Mwangaluka. Mwambie huyo mtu wa kompyuta kwamba ng'ombe wangu Matone ameswagwa na wachuuzi pamoja na ng'ombe wao. Yuko mnadani Meatu, na malori yanaondoka saa nne. Mwambie Matone ndiye pekee aliyebaki katika ng'ombe wa mahari yake. Matone akipakiwa, nawe unapakia nguo zako, tunarudi Zagayu."

"Mayu, jamani!"

"Mwambie."

"Amesikia, mayu. Si huyu hapa."

Loo! Miaka sita ya ndoa, na Milembe hajawahi kumwita mkwe hata mara moja. Ni "huyo mtu wa kompyuta" tu. Na sasa anataka kumchukulia hata mke wake! Mashimba akaketi mbele ya kompyuta.

Akampigia Mahona, karani wa mnada, naye akamtumia kwa simu picha za ng'ombe wote walioingia getini, elfu moja na mia tisa, kila mmoja na namba yake. Mashimba naye alikuwa na picha ya Matone ya Krismasi, na programu aliyoiunda kwa mikono yake miwili. Programu hiyo iliikata kila picha vipande vya mraba, ikalinganisha kila kipande na cha Matone, nukta kwa nukta, kisha ikajumlisha tofauti zote. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye Matone.

Akabonyeza. Feni ya kompyuta ikanguruma. Saa tatu na nusu ikafika, na kazi imefika asilimia tatu.

"Ewe kompyuta," akalia shujaa, "niliyekununulia chaja mpya nami nikala ugali kwa chumvi, wanitenda haya mbele ya mama mkwe?"

Goodness akachoka kungoja. Akashika simu, akaanza kumsomea mama yake zile picha moja moja.

"Huyu mweusi tii, ana pembe—"

"Siyo."

"Mwekundu, paji jeupe lote, halafu begani—"

"Siyo! Nimekwambia anza usoni. Matone ana madoa matatu kwenye paji. Ukishaona siyo, begani unafuata nini?"

"Huyu madoa mawili, mkia—"

"Siyo. Endelea."

Vidole vya Mashimba vikaganda hewani. Kumbe! Programu yake ilikuwa na adabu kupita kiasi. Ilimsalimu kila ng'ombe toka pembe hadi kwato, ikimjumlishia hata yule mweusi tii tofauti zake zote, ilhali paji peke yake lilishasema siyo.

Ndipo akauchomoa mstari kama mkuki: anza usoni, jumla ya tofauti ikishaipita ile ndogo kuliko zote iliyokwisha kupatikana, acha hapohapo, nenda kwa mwingine! Akaupigilia nuktamkato, akabonyeza. Ng'ombe weusi wakaanguka kwa mamia. Weupe wakaanguka hata masikio yao hayajatazamwa. Dakika nne baadaye ikasimama namba moja tu: 1412.

"Madoa matatu kwenye paji," Goodness akasoma, "begani doa kubwa kama chapati..."

Safari hii Milembe hakumkatiza.

"...na sikio la kushoto limechanika."

"Ndiye," akanong'ona mama. "Gete, kweli kabisa, ndiye."

Wakampigia Mahona. "Mguu mmoja ulishapanda lori," akasema karani. "Nimemshusha. Ananitazama vibaya sana."

Basi Mashimba akasimama, akakohoa, akainua mkono wake wa kulia.

"Mama! Hapo kale, kabla ya mstari huu, ulimwengu wa picha ulikuwa giza, na kila nukta—"

"Goodness," akanena Milembe, kisogo chake kikiwa palepale, "mwambie mkwe wangu inatosha, nimeshaelewa."

Mkwe wangu! Pigeni vigelegele toka Zagayu hadi Malampaka! Waandishi waandike kwa wino usiofutika kwamba saa nne kasorobo, siku hiyo, Mashimba mwana wa Ndaki alikatizwa katikati ya hotuba yake kuu, akaketi akiwa na furaha kuliko wafalme wote, na Goodness akaenda jikoni kumbandikia mama yake chai.