Ombi la Muhuri kwa Mchumba Aliye Kwenye Majaribio

Kwa Mkuu wa Kituo cha Utafiti wa Mbegu za Mafuta,

Mheshimiwa, shikamoo kama umenizidi umri. Kama sivyo, habari za kazi. Mimi ni kinyozi, mume wa mtafiti wako wa alizeti, yule mnayemwita Mama Chavua. Naandika kwa heshima zote, ila nimekasirika.

Kazi yake ni njema, sikatai. Anatafuta alizeti ya kutoa mafuta yasiyochacha upesi na yasiyomchosha mlaji moyo. Mafuta hayo nayala na sina neno. Malalamiko yangu ni kwamba utaratibu wa kituo chako umehamia nyumbani kwangu, kama ifuatavyo:

1. Foronya. Naambiwa ua lazima lifunikwe, nyuki wasije wakaleta chavua ya jirani. Mifuko yenu ilipokwisha, mke wangu alibeba foronya zetu zote, hata ile yenye tarizi tuliyopewa siku ya harusi. Alizeti zako zinalala pazuri, mheshimiwa. Mimi nalaza shavu kwenye mto mtupu wenye mishono, na wateja wananiuliza nani kanichora uso.

2. Vikaango. Tulikwenda kumjulia hali jirani mgonjwa. Mke wangu akapitia jikoni kwanza, akanusa kikaango, kisha akamweleza mwenye nyumba habari za asidi za mafuta mpaka mgonjwa akapata usingizi. Siku hizi tukipiga hodi mahali nasikia vyombo vinafichwa.

3. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Binti yetu mkubwa ana mchumba, fundi baiskeli, kijana mpole, mwenye kucha safi kuliko kazi yake. Alipokuja kuposa na mjomba wake, mimi nilishakubali kabla hawajamaliza kukaa. Mke wangu akasema tungoje. Akaeleza, mjomba wa watu akiwa na kikombe mkononi, kwamba mbegu yenye mafuta mazuri penye baridi inaweza kukugeuka penye joto, kwa hiyo haipitishwi mpaka ipandwe sehemu mbalimbali. Mjomba alidhani ni mazungumzo ya kilimo, akaitikia vizuri sana. Kumbe kamtoa mpwawe akajaribiwe!

4. Kijana akapelekwa penye joto, yaani kwa mama yangu, ambaye jua la huko likimaliza kukuchoma yeye anapokea zamu. Alikaa msimu mzima akichota maji na kusikiliza kasoro zangu za utotoni. Hakuchacha. Nikashukuru Mungu, nikauliza tarehe ya harusi. Wapi! Sasa yuko penye baridi, kwa dada yangu mlimani, nyumba ya watoto wengi na choo kimoja. Kila Jumapili mke wangu anapiga simu kuulizia hali yake, na naapa nimemsikia akitaja shina.

5. Mtoto wa watu si punje, mheshimiwa. Punje mnaikwangua kipande, mnapima mafuta yake, mnapanda iliyobaki na inaota. Mtu akikwanguliwa sana anakwenda zake. Binti yangu halalamiki, anafagia uwanja tu, na mimi baba yake nikimwona hivyo roho inaniuma. Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Naogopa, na sioni haya kusema.

Kwa kuwa mke wangu haheshimu kitu duniani kama muhuri wa kituo chako, naomba umpitishe kijana huyu rasmi, kama mnavyopitisha mbegu mpya. Jina la aina andikeni mnalopenda. Kwenye sifa wekeni: anastahimili ukame, baridi na ndugu wa mke. Kama hilo haliwezekani, basi mfukuze kazi mke wangu, hata kwa wiki moja tu, tupate nafasi ya kuoza.

Nisalimie mlinzi, dereva wa trekta, wapishi, na nyuki wote waliozuiwa kufanya kazi waliyoumbiwa.

Ni mimi, mwenye uchungu na adabu zake,
Kinyozi, mume wa Mama Chavua.

Tanbihi: Binti yangu kaniletea gundi ya bahasha, akaisoma barua yote akiwa wima, akacheka mpaka akakaa chini. Anasema kumpeleka kijana kwa bibi na kwa shangazi halikuwa wazo la mama yake. Ni lake yeye. Mama alimwazima utaratibu tu, na lawama akakubali kuzibeba. Binti alitaka kumjua mtu kabla ya kumpa maisha yake. Kijana alijua tangu mwanzo, akaridhia kwa sharti moja: baadaye binti naye akakae kwao msimu mmoja, amwone mama mkwe anavyoamka. Kesho kutwa binti anasafiri. Wanapendana, wala hawana haraka. Mwenye haraka nilikuwa mimi. Basi muhuri acha, na mke wangu usimguse, tutakosana. Barua naituma kwa kuwa stempu nimeshaibandika, na kwa kuwa nataka mtu mwingine naye ajue nimezaa mtoto wa namna gani.