Punguzeni Mafuta, Ndege Itue Kwetu

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Shirika la Ndege,

Kama umenizidi umri, shikamoo. Kama mimi ndiye niliyekuzidi, marahaba, na uniwie radhi kwa kuitikia kabla hujaniamkia.

Mimi ni mama wa mhudumu wako, yule mrefu mwenye mwanya, anayewaambia abiria wafunge mikanda. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta neno limepinda, linyooshe tu uendelee.

Zamani ndege yenu ilikuwa inatua hapa kwetu kunywa mafuta. Wakati inakunywa, binti yangu anakuja mbio mpaka geti la wafanyakazi, mlinzi anatupisha kwenye benchi lake, namimina chai kwenye kifuniko cha chupa, namnyoosha kola, namtazama mashavu. Nikishaona mashavu yapo, naenda zangu kufua kwa amani. Sasa mmenunua ndege yenye tumbo kubwa, inatoka huko kwenu mpaka ng'ambo ya dunia bila kugusa chini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ndege inapita juu ya bati langu bila hodi. Naanika mashuka, nainua macho, naona mstari mweupe umenyooka kama mkunjo wa suruali, na mwanangu yumo humo anagawa maji kwa watu nisiowajua. Wifi yangu, ambaye hana dogo, ananiambia, "Mpungie mkono basi, wifi, labda atakurushia kikombe." Ndugu Mkurugenzi, nimeshampungia.

2. Simu anapiga, sikatai. Anasema, "Mama, mimi mzima, nakula vizuri." Lakini sauti haina mashavu. Hata alipokuwa mdogo alisema hivyo hivyo, mzima, mzima, huku ana homa ya kukausha soksi.

3. Hayo mafuta yenyewe. Binti alinieleza kwamba safari ikiwa ndefu namna hiyo mafuta yanakuwa mazito mno, mpaka ndege inachoma mafuta mengine kwa ajili ya kubeba mafuta. Nilimwomba arudie. Nikaenda kumuuliza jirani yangu fundi wa majiko, akaweka nyundo chini, akasema, "Mama, hiyo ni kununua punda wa kubeba majani ya punda." Na ili uzito usizidi, mmepunguza viti. Yaani binadamu wanaachwa chini, mafuta yanapanda.

4. Wahudumu wanapokezana kulala kwenye vitanda vilivyofichwa darini, kama masufuria ya wageni. Binti yangu akilala anajigeuza sana. Mlijua hilo mlipomwajiri? Mngeniuliza ningewaambia.

5. Abiria nao wanavimba miguu. Hili si langu, ila nimeliweka ili ujue sijifikirii mwenyewe tu.

Kwa hiyo naomba mpunguze mafuta. Sisemi myaache kabisa. Wekeni ya kufika hapa kwetu, na kidogo ya heshima. Rubani akiona mshale umelala atatua mwenyewe, na hakuna atakayelaumiwa. Abiria wakiuliza, semeni ni upepo. Binti ameniambia upepo wa mbele ukikaza unakula mafuta, na ndege inaweza kulazimika kushuka njiani. Hapa kwetu upepo upo, mashuka yangu ni mashahidi.

Kwa upande wetu tumejipanga. Mlinzi ameshafuta benchi. Abiria waje wanyooshe miguu uani kwangu, kamba za nguo nitazipandisha wasijikwae. Rubani avue shati nimpigie pasi wakati ndege inakunywa, kwa sababu mtu aliyekaa kitini muda wote huo mgongo wake naujua ulivyo. Na kama kutua kila safari ni vigumu, tueni zile ambazo binti yangu yumo. Nyingine pitilizeni, sina ubaya nazo.

Tafadhali usimwambie kuwa nimeandika. Atasema namwaibisha kazini.

Nisalimie marubani, wahudumu wote, na huyo anayeshika bomba la mafuta, maana haja yangu iko mkononi mwake. Na mama yako, kama yupo, mpitie.

Ni mimi niliyechoka shingo kwa kutazama juu,
Mama wa mhudumu mwenye mwanya

N.B. Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, binti akapiga simu. Kesho anarudi, kwa ule upande wa upepo wa mbele, na wanasema upepo ni mkali. Nikamuuliza, na mafuta yakipungua mkiwa katikati ya bahari? Akacheka. "Mama, ndiyo maana tunajaza." Mimi sikucheka. Ndugu Mkurugenzi, ombi la kupunguza lifute. Jazeni. Jazeni mpaka shingoni, na uzito ukizidi shusheni mizigo, shusheni hata chai, atakunywa akifika. Yule wa bomba mwambie asimsikilize mtu yeyote anayeandika barua. Hii nampa mlinzi aiwahishe kwenye ofisi yenu ya hapa uwanjani leo hii. Hapa msitue. Nitakuwa uani naanika mashuka, na nikiona ule mstari umepita bila kupinda, nitajua mafuta yametosha.