Kiwanja Kilichoamriwa Kujitegemea

Mamlaka Kuu ya Viwanja vya Ndege ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba kuanzia Jumatano, saa nne asubuhi, viwanja vyote vya mikoani vitajitegemea. Kiwanja kitakachokataa kujitegemea kitachukuliwa hatua za kinidhamu.

Meneja wa kiwanja kimojawapo aliusoma waraka huo akiwa amesimama, maana ndivyo alivyozoea kusoma mambo ya Makao Makuu. Miaka yote alikuwa akiomba kibali cha kila kitu: kukata nyasi, kubadili kitasa cha choo cha abiria, kufukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia. Kibali cha mbuzi kilipofika, mbuzi wenyewe walikuwa wameshazeeka. Sasa angeamua mwenyewe, ila kila uamuzi, hata wa kuhamisha watumishi, upitishwe na bodi ya kiwanja, na mwenyekiti wa kila bodi ni Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka. Mkurugenzi alifafanua kwamba uhuru ni mzigo mzito, si vizuri kuwaachia watu wa mikoani waubebe peke yao.

Akaongeza na kanuni moja ya kwake. Ndege yenye ofisa yeyote wa Mamlaka isitue kwenye kiwanja kinachojitegemea bila idhini ya bodi, iliyokaa ukumbini, mwenyekiti akiwepo. Wenye midomo walinong'ona kwamba hiyo ni dawa ya naibu wake, aliyezidisha safari za kwenda mikoani kujipendekeza. Kiofisi, ilikuwa ni kulinda uhuru.

Ya naibu hayakumhusu Meneja. Yeye hofu yake ilikuwa moja tu: kuhamishwa. Aliyemtangulia alithubutu kumkosoa Mkurugenzi mkutanoni, akapangiwa kiwanja ambacho hakijajengwa, na mpaka leo anaripoti kazini porini kila asubuhi. Meneja alikuwa na mke mwenye cherehani na wateja wake hapa mjini, mama mzazi asiyejiweza, na kitinda mimba aliyekuwa kwenye mwaka wa mitihani.

"Baba Watoto," mkewe alimwambia Jumatano ile asubuhi akimfunga tai, "leo usijitie ujuaji. Utaratibu ukikwambia kaa, wewe kaa."

Mgeni rasmi wa sherehe ya kujitegemea alikuwa Mkurugenzi mwenyewe. Viti vikapangwa, utepe ukafungwa, wajumbe wa bodi wakaketi ukumbini kumsubiri mwenyekiti wao. Angefika kabla ya saa nne, kanuni isingemgusa. Lakini mkubwa akiwahi, nani atajua kwamba ni mkubwa? Saa nne ilipiga, kiwanja kikawa huru, na ndege yake ikajitokeza baadaye kwa mwendo wa kujidai.

Meneja alipanda mnarani. Kwanza alimuuliza rubani kwa redio habari za mafuta. Rubani akajibu kwamba yanatosha kwenda na kurudi. Basi Meneja akaomba aongee na Mkurugenzi.

"Mheshimiwa, bodi iko tayari kukupa idhini ya kutua. Inakusubiri wewe tu ukafungue kikao."

"Nitafunguaje kikao na mimi niko huku juu?"

"Ndiyo maana tunakuomba ufike."

"Basi niruhusu nitue."

"Idhini ni ya bodi, mheshimiwa."

Ndege ikazunguka. Mkurugenzi alitoa amri kwa cheo chake, akakumbushwa kwa heshima zote kwamba tangu saa nne Mamlaka haina amri hapa. Akataka mjumbe mmoja akaimu uenyekiti. Kukaimu kulikatazwa na kanuni yake mwenyewe, naibu asije akapata upenyo.

"Wewe bwana," redio ilikwaruza, "kesho uko porini."

Akilini Meneja alimwona mkewe akifunga cherehani, akamwona mama yake akipakiwa garini na godoro lake. Kisha akaufikiria ule waraka na ile kanuni tena, taratibu, na hofu ya miaka yote ikamtoka.

"Uhamisho nao ni wa bodi, mheshimiwa. Itakapokaa."

Halafu rubani, kwa sauti ya mtu anayeng'ata midomo asicheke, akaaga na kugeuza ndege. Huko chini wananchi wakapiga makofi, wakidhani mgeni rasmi anawasalimia.

Meneja alipoteremka, mshereheshaji alimuuliza utepe sasa utakatwa na nani. Meneja akatazama kushoto, akatazama kulia, akimtafuta wa kumwomba kibali. Hakumwona mtu. Akanyoosha mkono, akaomba mkasi.